Mbwa jike anaporejea kukojoa ndani akikaribia joto la kwanza

FAMILIA nyingi zinazofuga mbwa mijini hupitia tukio hili pasipo kulitarajia. Kilebu wa kike aliyeletwa nyumbani akiwa na umri wa miezi miwili alifunzwa kwenda haja nje, akaelewa, na kwa miezi mitatu au minne hajachafua sakafu hata mara moja. Kisha, anapotimu miezi saba au minane, dimbwi dogo la mkojo laonekana kando ya mlango. Kesho yake jingine laonekana chini ya kiti, na siku ya tatu zulia limelowa.

Mwenye nyumba hukata kauli upesi. Husema kwamba mbwa amekuwa mkaidi, kwamba amedekezwa mno, au kwamba kazi yote ya kumfunza imekwenda bure. Fimbo huchukuliwa, na asipopigwa hufukuzwa akalale uani.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mbwa huyo hajasahau wala hajakaidi. Mwili wake unajiandaa kwa joto la kwanza, yaani kipindi cha kwanza ambapo jike huweza kupandwa na kushika mimba, na mabadiliko hayo huanza kujionyesha hata kabla ya tone la kwanza la damu kudondoka. Mkojo ni mojawapo ya dalili zake.

Namna familia inavyolipokea jambo hili ina uzito kuliko mkojo wenyewe. Mbwa anapohamishiwa uani kwa hasira, mara nyingi huwa ni katika majuma yale yale ambayo madume wa mtaa mzima wanaanza kumnusa kutoka mbali. Miezi miwili baadaye, boma huwa na vilebu ambao hakuna aliyewapangia, na wengi wao huishia kutupwa kando ya barabara au kugeuka mbwa koko.

Umri na hatua za joto

Mbwa jike wengi huingia kwenye joto la kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi sita na 12. Mbwa wa maumbo madogo, kama vile Japanese spitz ambaye amependwa sana katika mitaa ya Nairobi, huwahi. Mbwa wa maumbo makubwa huchelewa, na baadhi yao hupitisha mwaka mmoja na nusu kabla ya kuona joto. Mbwa wa kienyeji huwa katikati, kutegemea lishe na afya.

Joto lenyewe lina hatua. Hatua ya kwanza huchukua takriban siku tisa, ingawa kwa baadhi ya mbwa huwa siku tatu tu na kwa wengine zaidi ya majuma mawili. Katika siku hizi homoni ya estrojeni hupanda, uke huvimba, na majimaji yenye damu huanza kutoka. Madume humfuata, lakini yeye hukataa kupandwa. Huketi chini, huzunguka au hata kuwang'ata.

Hatua ya pili huchukua tena takriban siku tisa. Damu hufifia na kuwa ya rangi ya waridi au ya maji ya majani makavu, uke hulainika, na mbwa husimama tuli huku akiupeleka mkia upande. Hizi ndizo siku za kushika mimba. Wafugaji wengi hukosea hapa, kwani huona damu imepungua wakadhani hatari imepita, ilhali ndipo inapoanza.

Damu hii haifanani na hedhi ya binadamu. Mwanamke hutokwa na damu mzunguko unapomalizika bila mimba. Mbwa hutokwa na damu mwili unapojitayarisha kutoa mayai. Vilevile, mbwa hana umri wa kukoma uzazi kama binadamu. Ataendelea kuingia kwenye joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, pengine maisha yake yote, isipokuwa afanyiwe upasuaji.

Baadhi ya majike hupitia joto la kwanza kimyakimya. Damu huwa kidogo mno, au mbwa hujilamba mara kwa mara kiasi kwamba hakuna tone linaloonekana sakafuni. Kwa mbwa kama hao, mkojo wa ghafla ndani ya nyumba huenda ukawa ndiyo ishara ya pekee ambayo mwenye nyumba atapata.

Kwa nini mkojo?

Mbwa husomana kwa pua. Mkojo kwao ni kama tangazo lililobandikwa ukutani, likieleza ni nani aliyepita, ni wa jinsia gani, na yu katika hali gani. Jike anapokaribia joto, mkojo wake hubeba habari mpya, na mwili humsukuma azitawanye. Ndiyo maana matembezini husimama kila hatua chache, akatoa matone machache kwenye nyasi, akaendelea, akasimama tena.

Ndani ya nyumba msukumo ni ule ule. Mbwa huchagua mlango, dirisha linalotazama barabara, kona ya kochi, au mahali palipowekwa viatu vya mgeni. Mkojo huwa kidogo na huonekana sehemu kadhaa. Huku ni kutia alama, si kumaliza haja, na tofauti hiyo ni muhimu katika kumwelewa.

Sababu ya pili ni kwamba hubanwa mara nyingi zaidi. Jike aliyezoea kutoka nje mara nne kwa siku sasa huhitaji kutoka mara saba au nane. Ratiba ya nyumba haijabadilika, lakini mwili wake umebadilika. Anayefungiwa kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni, familia ikiwa kazini na shuleni, hana njia nyingine ila kukojoa alipo.

Sababu ya tatu ni umri wa ujana wenyewe. Utafiti ulioongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, uligundua kwamba mbwa wa miezi minane walipuuza amri ya kuketi kutoka kwa mlezi wao zaidi kuliko walipokuwa na miezi mitano. Amri hiyo hiyo ilipotolewa na mtu mgeni, ukaidi huo haukuonekana. Baadaye, walipokomaa, utiifu kwa mlezi ulirejea.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba majike waliokuwa na wasiwasi katika uhusiano wao na walezi, wale wanaotafuta kuangaliwa kila saa na kuhangaika wanapoachwa peke yao, walielekea kuingia kwenye joto la kwanza mapema zaidi. Ujana wa mbwa, kama ujana wa binadamu, ni kipindi cha kupita. Mlezi anayeujua huo ukweli hatapoteza subira haraka.

Ondoa kwanza shaka ya ugonjwa

Kabla ya kulaumu joto, ni lazima kuhakikisha kwamba mbwa si mgonjwa. Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana kuliko wa dume, na kwa sababu hiyo bakteria hupanda kwa urahisi hadi kwenye kibofu. Bakteria anayepatikana mara nyingi katika maambukizi hayo ni E. coli, ambaye kwa kawaida huishi kwenye utumbo.

Mbwa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo huchuchumaa mara nyingi na kutoa matone tu. Pengine hulia au kujikunja anapokojoa, hujilamba bila kukoma, na mkojo wake huwa na ukungu, harufu kali au damu. Ni rahisi kuifananisha damu hiyo na damu ya joto. Njia moja ya kutofautisha ni kutazama uke. Katika joto huvimba waziwazi, na damu hudondoka hata mbwa akiwa ametulia, si anapokojoa peke yake.

Vilebu wa kike hupata pia uvimbe wa uke wa utotoni, ambapo usaha mwepesi wa rangi ya maziwa au ya manjano hutoka kidogo kidogo huku mbwa akiwa mchangamfu. Hali hii mara nyingi hupona yenyewe baada ya joto la kwanza. Ni sababu mojawapo inayowafanya baadhi ya madaktari wa mifugo kupendelea joto hilo lipite kabla ya kumfanyia upasuaji wa uzazi mbwa mwenye tatizo hilo.

Mbwa ambaye tangu utotoni hajawahi kukauka, na ambaye mkojo humdondoka hata akiwa amelala au akitembea, huenda alizaliwa na mirija ya figo isiyoingia kibofuni mahali pake. Huyo hana kosa la mafunzo. Anahitaji uchunguzi na pengine upasuaji.

Kuna pia mkojo wa woga au wa furaha. Mbwa mchanga huinama, hulaza masikio na kutoa mkojo mtu anapomwinamia, anapopaza sauti, au bwana wake anaporejea nyumbani. Hafanyi hivyo kwa kusudi. Akikemewa, woga huongezeka na mkojo nao huongezeka.

Dalili ambazo hazifai kungoja hata siku moja ni kushindwa kukojoa kabisa, homa, kutapika, kukataa chakula, kunywa maji kupita kiasi, au mkojo uliojaa damu. Mbwa mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Daktari atahitaji mkojo wa kupima. Mkojo wa asubuhi ndio bora. Mbwa hufungwa kamba, akatolewa nje, na anapochuchumaa upawa safi au kibakuli kisicho na mabaki ya sabuni huingizwa chini yake taratibu. Mkojo hutiwa katika chupa safi iliyofunikwa na kufikishwa kliniki mapema, au kuwekwa kwenye friji ikiwa safari itachelewa.

Tabia ya kununua viuavijasumu katika duka la dawa za mifugo bila vipimo ina hasara mbili. Huficha ugonjwa bila kuumaliza, na huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofen na paracetamol, zisitumiwe kabisa kwa kukisia. Zinaweza kumuua mbwa.

Kipigo hakifunzi

Wazee walisema kwamba samaki mkunje angali mbichi, na wengi huichukua methali hiyo kama ruhusa ya fimbo. Lakini kukunja si kuvunja. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata papo hapo, ndani ya sekunde chache. Anayepigwa saa mbili baada ya kukojoa huunganisha kipigo na kitu kilicho mbele yake wakati huo, yaani mtu aliyeingia mlangoni.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba mbwa wao anajua kosa lake, kwa kuwa huinamisha kichwa na kujificha mara tu mwenye nyumba anapoingia. Suala hili lilichunguzwa na Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard jijini New York, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Aligundua kwamba sura hiyo ya hatia ilitokana na kukemewa na mwenye mbwa. Mbwa ambaye hakuwa amekosa lolote lakini akakemewa aliionyesha sawasawa na aliyekosa.

Kwa hivyo, sura ile ni woga, si toba. Mbwa anayeadhibiwa kwa kukojoa mbele ya watu hujifunza jambo moja tu, kwamba ni hatari kukojoa watu wakimwona. Atakwenda nyuma ya kochi au chini ya kitanda. Kibaya zaidi, akitolewa nje kwa kamba hatakojoa mbele ya mlezi wake, na mafunzo yote yatazidi kuwa magumu.

Desturi ya kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake nayo haina faida. Kwa mbwa, harufu hiyo si chukizo bali ni habari. Isitoshe, kumpiga mnyama kikatili na kumtesa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kurudi darasa la kwanza

Tiba ya tatizo hili, ugonjwa ukishaondolewa shaka, ni kumrejesha mbwa katika mafunzo ya awali kwa muda wa majuma machache, kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa nyumbani. Hatapoteza aliyojifunza. Kumbukumbu ipo, nayo hurejea upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza.

Jambo la kwanza ni ratiba. Mbwa atolewe nje mara tu anapoamka, dakika chache baada ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala, na kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Katika siku za joto lenyewe huenda akahitaji kutolewa mara moja usiku. Apelekwe mahali pale pale kila mara, kwa sababu harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo.

Atolewe kwa kamba, hata kama boma lina ua. Mlezi anayebaki mlangoni na kumwacha mbwa azurure hajui kama amekojoa au amefukuza ndege tu. Asimame naye kimya kwa dakika tano au kumi. Akishamaliza, asifiwe kwa sauti ya upole na apewe kipande kidogo cha nyama au chakula anachokipenda pale pale alipo. Tuzo inayotolewa jikoni dakika mbili baadaye huwa imepotea njia.

Mbwa anayetia alama hasiti baada ya tone la kwanza. Kwa hiyo apewe muda wa kukojoa mara mbili au tatu kabla ya kurudishwa ndani. Akirudi na kibofu kitupu, nafasi ya kuchafua hupungua.

Jambo la pili ni kumpunguzia uwanja. Asiachwe huru katika nyumba nzima. Akae chumba kimoja chenye sakafu ya saruji au vigae pamoja na mtu anayemtazama, au afungwe kamba ndefu kwenye kiti cha mlezi. Asiyeweza kutazamwa awekwe penye kitanda chake, maji na kitu cha kutafuna. Mbwa kwa kawaida huepuka kuchafua anapolala, lakini akifungiwa humo siku nzima hulazimika, na akishazoea kulala kwenye uchafu mafunzo huharibika kweli.

Familia zinazotoka asubuhi na kurudi jioni zimtafute jirani, kijana wa mtaa au mfanyakazi wa nyumbani amtoe mbwa adhuhuri. Maelekezo yawe yale yale kwa kila mmoja. Ikiwa baba anasifu, mtoto anacheka na mfanyakazi anapiga kwa ufagio, mbwa hatajua ashike lipi.

Jambo la tatu ni usafi. Sakafu inayoonekana safi kwa jicho la binadamu huenda bado inanuka mkojo kwa pua ya mbwa, na harufu hiyo humwita arudie. Mkojo ufyonzwe kwanza kwa kitambaa kikavu au karatasi, kisha pahali paoshwe kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu na kusuuzwa vyema. Siki iliyochanganywa na maji kwa kiwango sawa husaidia kupunguza harufu, ila isitumiwe kwenye marumaru. Dawa zenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo huuzwa katika baadhi ya kliniki na maduka makubwa, nazo hufaa zaidi kwa zulia na viti vya kitambaa.

Dawa ya kusafishia yenye amonia isitumiwe, kwa kuwa harufu yake hukaribiana na ya mkojo. Dawa ya klorini nayo isimwagwe juu ya mkojo ambao haujafutwa, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa inayowasha macho na kifua.

Maji ya kunywa yasipunguzwe kwa lengo la kupunguza mkojo. Mbwa anayenyimwa maji hudhoofika, mkojo wake huwa mzito na maambukizi hupata nafasi. Kitu kinachoweza kupangwa ni saa ya chakula cha jioni, kiliwe mapema ili apate muda wa kutoka mara mbili kabla ya kulala.

Kumlinda katika siku za joto

Tone la kwanza la damu linapoonekana, tarehe iandikwe kwenye kalenda. Kuanzia siku hiyo, mbwa alindwe kwa majuma manne kamili. Wengi huhesabu majuma matatu, lakini kwa kuwa joto la kwanza halina mpangilio thabiti, juma moja la ziada ni kinga bora kuliko majuto.

Hapa ndipo desturi ya mbwa wa ulinzi inapoleta hatari. Katika maboma mengi mbwa hufungiwa mchana na kuachiliwa usiku. Jike aliye kwenye joto akiachiliwa usiku, madume huruka ua, huchimba chini ya lango au humpanda kupitia mwanya wa uzio. Katika majuma hayo alale ndani ya nyumba, au katika banda lenye paa, mlango wa kufuli na sakafu isiyochimbika.

Dume wa nyumba hiyo hiyo naye asisahauliwe, hata akiwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Mbwa hawajui udugu katika jambo hili. Watenganishwe kwa milango miwili, au dume apelekwe kwa jamaa hadi majuma manne yaishe.

Suruali maalumu za mbwa, au nepi iliyotobolewa tundu la mkia, husaidia kukinga viti na zulia dhidi ya damu na matone ya mkojo. Sharti ibadilishwe mara kwa mara na ivuliwe kila anapotoka kwenda haja, la sivyo ngozi huchubuka na bakteria huzaana. Suruali haizuii mimba.

Wakati wa matembezi, kamba isiachwe mkononi mwa mtoto mdogo. Madume wakizingira, ugomvi wao huweza kumjeruhi anayeshika kamba. Majeraha ya mbwa wa mtaani yana hatari ya kichaa cha mbwa, ugonjwa uliorekodiwa nchini tangu mwaka 1912 na ambao Kenya imepanga kutokomeza vifo vyake vya binadamu kufikia mwaka 2030. Kwa hivyo jike awe amechanjwa kabla ya kufikia umri huu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitalini mara moja.

Ikiwa mbwa wamekwisha kupandana na kushikana, wasitenganishwe kwa nguvu wala kumwagiwa maji. Kushikana huko ni maumbile na huweza kuchukua hadi nusu saa. Kuwavuta huwajeruhi wote wawili. Wakishaachana, mwenye jike azungumze na daktari wa mifugo siku hizo hizo kuhusu yanayoweza kufanywa. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na jike mmoja anaweza kuzaa vilebu wa madume tofauti katika mimba moja.

Kupandwa ovyo kuna hasara nyingine. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa baina ya mbwa kwa kujamiiana, na huonekana zaidi palipo na mbwa wengi wazururao. Unatibika, lakini tiba yake huhitaji sindano za majuma kadhaa.

Baada ya joto

Kwa mbwa wengi, tabia ya kutia alama ndani hupungua joto linapokwisha, na ndani ya majuma machache nyumba hurejea ilivyokuwa, mradi ratiba imefuatwa na harufu imeondolewa. Ikiwa mkojo waendelea mwezi mmoja baada ya damu kukoma, sababu nyingine itafutwe. Huenda kuna maambukizi, au huenda kilichoanza kama joto sasa kimekuwa mazoea.

Majuma sita hadi manane baada ya joto, baadhi ya majike hupata mimba ya uongo. Matiti huvimba, pengine hutoa maziwa, na mbwa hubeba kiatu au mdoli kama mtoto wake. Hali hii hutokana na homoni kushuka na mara nyingi hupita yenyewe.

Jambo la kuhofiwa zaidi ni usaha katika mji wa mimba, ambao hutokea kwa kawaida kati ya majuma mawili na manane baada ya joto. Huwapata zaidi majike wenye umri mkubwa, lakini wachanga nao hawana kinga. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana hata ndani ya nyumba, hupoteza hamu ya chakula na kuzubaa, na huenda usaha ukatoka. Ni dharura inayoua. Mwenye nyumba aliyezoea kusema “ni joto tu” anaweza kuchelewa hapa kwa gharama kubwa.

Wasiokusudia kuzalisha mbwa wanaweza kuchagua upasuaji wa kufunga uzazi, ambapo ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia, huondolewa. Upasuaji huo huzuia mimba na, ovari zikiondolewa kikamilifu, hukomesha joto na kuondoa hatari ya usaha uliotajwa. Huzuia pia sehemu ya uvimbe wa matiti ukifanywa mapema, ingawa wataalamu hawajakubaliana kuhusu ukubwa wa faida hiyo.

Wakati wa kuufanya hutegemea mbwa mwenyewe. Kwa mbwa wakubwa, madaktari wengi hushauri kungoja viungo vikomae, na ni kweli pia kwamba baadhi ya majike waliofungwa uzazi, hasa wenye miili mikubwa, huja kushindwa kuzuia mkojo wakiwa wamelala. Hali hiyo ina dawa. Upasuaji kwa kawaida haufanywi katikati ya joto, kwa kuwa mishipa ya damu ya sehemu za uzazi huwa imejaa. Hungojewa miezi miwili au mitatu ipite.

Kwa ufupi, mkojo unaorejea sakafuni katika umri wa ujana ni habari kabla ya kuwa kosa. Unaieleza familia kwamba mbwa ama ni mgonjwa na anahitaji daktari, ama amekomaa na anahitaji kulindwa. Atakayeisoma habari hiyo mapema ataandika tarehe kwenye kalenda, atafunga lango na kumtoa mbwa mara mbili zaidi kwa siku. Atakayeijibu kwa fimbo na kumfukuzia uani atakuwa amemfungulia mlango usiku ule ule ambao ulipaswa kufungwa.